Kalenda Iliyokataa Kubonyeka

Bi mkubwa alinipigia saa mbili usiku, mwishoni mwa Agosti 2020, nikiwa barazani Ngamiani nangoja chai ipoe. Nilimwamkia, akaitikia kwa upole. Upole huo ndio ulionitia shaka, maana mama yule akiwa na lake moyoni huanza kwa kukupoza.

"Mwanangu, ile tovuti yetu imelala?"

"Haijalala, mama. Asubuhi tu nimeifungua, iko salama."

"Basi mbona wiki ya pili hii sijapata mgeni hata mmoja wa huko? Wanaokuja wote wananipigia simu. Na leo mmoja kaniambia, kalenda yenu haibonyeki."

Ana nyumba ya wageni Raskazone, vyumba vinane, na ukisimama uani unaisikia bahari. Wateja wake ni watu wa semina, watu wa harusi, na wale wanaolala Tanga usiku mmoja ili asubuhi waendelee Pangani. Tovuti nilimtengenezea mimi, kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na fomu ya kuwekea nafasi ilikuwa plagini, yaani kipande cha programu cha kuiongezea tovuti kazi, ya bure, niliyoichagua mwenyewe. Nikamjibu jibu ambalo kila mtu alikuwa nalo mwaka ule: korona, mama, watu hawasafiri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Korona imezuia wa kwenye tovuti, wa kwenye simu imewaacha?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua tovuti kwenye simu, nikajifanya mgeni. Jina, sawa. Namba ya simu, sawa. Nikagusa kisanduku cha tarehe ya kufika. Kimya. Nikagusa tena kwa kidole gumba. Kalenda iliyokuwa ikishuka kama pazia haikushuka, na bila tarehe fomu haikubali kutumwa. Ukurasa mzima ulikuwa mzuri, picha zote zimejaa, bei ziko mahali pake. Ndiyo maana asubuhi niliona iko salama. Niliitazama kwa macho, sikuigusa.

Siku kumi na kitu kabla ya hapo nilikuwa nimesasisha WordPress kwenda toleo la 5.5, lililotoka tarehe 11 Agosti. Nilifanya hivyo nikiwa ndani ya bajaji, kwa simu, natoka Chumbageni. Na kinachouma ni kwamba sikufanya kwa upofu. Kabla ya kubonyeza niliingia kwenye ukurasa wa ile plagini nikatazama mstari unaosema imejaribiwa hadi toleo gani. Ulisema 5.5. Namba na namba zikakutana, nikaona nimefanya kazi ya fundi mwenye akili, nikabonyeza.

Usiku ule niliwasha kompyuta, nikafungua ukurasa wa fomu, nikabonyeza F12 ili kivinjari kinionyeshe kinachonung'unikwa nyuma ya pazia. Mstari mmoja mwekundu, kwamba `.live` si kitu kinachojulikana. Basi. Mstari mmoja ndio uliokuwa umefunga mlango wa nyumba ya vyumba vinane.

Ilinichukua hadi karibu na alfajiri kuuelewa. Plagini nyingi za WordPress huegemea jQuery, ile maktaba ya JavaScript, lugha inayochezesha ukurasa ndani ya kivinjari, ambayo WordPress huja nayo. Ndani ya jQuery kulikuwa na amri iitwayo `.live()`. Mwaka 2011 wenye jQuery walitangaza kwamba wataiacha, na mwaka 2013, kwenye toleo la 1.9, wakaiondoa kabisa. Lakini WordPress ina tabia ya mzee asiyetaka kumfukuza mpangaji: iliweka kando kipande kiitwacho jQuery Migrate, kazi yake ni kuziitikia amri zilizokwisha kufa, ili plagini za zamani zisijue kwamba zilipoegemea pamebomolewa. Mkongojo, kwa kifupi. Toleo la 5.5 liliuondoa mkongojo ule. Plagini yangu ilikuwa ikitembea kwa huruma ya watu kwa miaka saba, na mimi niliyeiamini sikujua kama inachechemea.

Dawa ya muda ilikuwa rahisi hata nikaona haya. Watu wa WordPress wenyewe walikuwa wametoa plagini ndogo ya kurudisha mkongojo, Enable jQuery Migrate Helper. Nikaiweka, kalenda ikashuka. Dakika tano. Asubuhi nikaenda Raskazone kwa miguu, nikamweleza bi mkubwa kwamba kosa ni langu na si la korona. Alinisikiliza, akaniuliza swali moja tu: "Sasa hiyo karatasi iliyosema imejaribiwa, nani aliyejaribu?"

Swali hilo limenifundisha kazi kuliko kozi yoyote niliyosoma.

Nilirudi nikatafuta jibu. Mstari ule wa "imejaribiwa hadi" unatoka kwenye faili moja la maandishi, readme.txt, ambalo mwandishi wa plagini huliandika kwa mkono wake. Hakuna anayesimama mlangoni kumuuliza umejaribu wapi, na nini, siku ngapi. Anaweza kubadili namba ile bila kugusa hata herufi moja ya programu yenyewe, na bila kutoa toleo jipya. Nilipofungua kumbukumbu ya mabadiliko ya plagini ile niliona kwamba kwa karibu miaka mitatu kila toleo lilikuwa na mstari mmoja: imejaribiwa na WordPress mpya. Hakuna kilichorekebishwa, hakuna kilichoongezwa. Mtu alikuwa akipita mara mbili tatu kwa mwaka kupaka chokaa ukutani huku ndani mchwa wanakula boriti.

Simlaumu sana. Kitu cha bure, na huenda ni mtu mmoja anayekifanya usiku baada ya kazi yake, na asipobadili namba ile ukurasa wake hupachikwa onyo linalokimbiza watu. Ningekuwa mimi labda ningefanya vilevile. Lakini tangu siku ile namba hiyo naisoma kama neno la muuza samaki kwamba samaki ni wa leo. Inawezekana ni kweli. Mimi nafunua shavu.

Zamani, kwa walioanza mapema, ukurasa wa kila plagini ulikuwa na kisanduku ambacho watumiaji wenyewe walipigia kura: kwa toleo hili la WordPress na toleo hili la plagini, inafanya kazi au imevunjika. Wazo zuri. Ila mara nyingi unakuta mtu mmoja kapiga kura, kasema imevunjika, na hujui kama kilichovunjika ni plagini au ni yeye. Kiliondolewa, na sikumbuki kukililia.

Kuna jambo la namba lenyewe nilisimamie kidogo, kwa sababu vijana wanaokuja kujifunza kwangu wote hujikwaa hapo. Wanasema 5.9 kwenda 6.0 ni mapinduzi, tusubiri, na 5.4 kwenda 5.5 ni kidogo tu, twende. Kwa WordPress sivyo. Tarakimu mbili za mwanzo zote pamoja ndizo jina la toleo kubwa, na baada ya 5.9 inafuata 6.0 kwa sababu hesabu imefika hapo. Mimi huwaambia wafikirie barabara za hapa Ngamiani. Ukitoka barabara ya 9 ukaingia ya 10 hujavuka mto wala hujaingia wilaya nyingine, umevuka mtaa kama ulivyovuka kutoka ya 8. Kinachotofautiana ni tarakimu ya tatu: 6.4.1, 6.4.2, hayo ni matengenezo na viraka vya usalama, na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 yanajiweka yenyewe usiku umelala. Hayo huwa siyaogopi, na nikimkuta mtu ameyazima namgombeza.

Kubwa lililokuja na sifuri lilikuwepo, ndiyo. Toleo la 5.0 la Desemba 2018 lilileta kihariri kipya cha vipande vipande, na plagini zilizozoea kuning'iniza visanduku vyao kwenye kihariri cha zamani zikajikuta hazina pa kuning'inia. Lakini lililonifunga mimi lilikuwa 5.5, ambalo kwa namba halitishi mtu.

Na kwa plagini zenyewe usiseme. Kila mwandishi ana hesabu yake. Kijana wangu mmoja alikataa kusasisha kutoka 1.9 kwenda 1.10 akidai tunarudi nyuma. Kwa hesabu ya shule hakukosea.

Baada ya kisa cha kalenda nilijiona nimeerevuka. Nikawa natazama jQuery, natazama kumbukumbu ya mabadiliko, natazama maswali ya watumiaji kama yanajibiwa. Miaka miwili na ushee ikapita kwa amani. Kisha, Januari 2023, shule moja ya binafsi ninayoitunzia tovuti ilikuwa ikingoja matokeo ya kidato cha nne ili iyabandike ukurasa wa mbele. Wazazi wanaingia na kutoka. Siku hiyo hiyo tovuti ikafa. Ukurasa mweupe wenye sentensi moja kwamba kumetokea hitilafu kubwa.

Sikuwa nimesasisha kitu. WordPress ilikuwa ile ile ya jana, plagini zile zile. Nikaapa kwa mwalimu mkuu kwamba sijagusa, na nilikuwa nasema kweli.

Tangu toleo la 5.2, plagini ikiangusha tovuti, WordPress hutuma barua pepe kwa msimamizi yenye kiungo cha kuingilia kwa mlango wa nyuma na kuizima iliyoleta balaa. Kitu cha maana sana. Nikangoja barua, nikatazama hadi kwenye takataka, hakuna. Baadaye nikagundua kwamba anwani ya msimamizi ilikuwa bado ya fundi aliyenitangulia, ambaye siku hizi yuko Muskati anafanya kazi nyingine kabisa. Barua ya uokoaji ilikwenda Omani. Nilipompigia alicheka, akasema ameiona, akadhani ni matapeli.

Nikaingia kwa njia ya kienyeji. Kwenye kidhibiti cha seva unafungua folda ya wp-content, unaingia plugins, unalibadili jina folda la plagini unayoishuku. WordPress ikilikosa, inaizima. Nilibadili moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja naipakia tovuti upya. Ya nne ilikuwa ile ya kutembeza matangazo, maandishi yanayopita juu ya ukurasa kama ya kwenye televisheni. Nilipoipa jina jingine tu, tovuti ikafufuka.

Nikawasha kumbukumbu ya makosa kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, nikaiwasha plagini kwa sekunde chache nikiwa nimejiandaa, nikaizima, nikafungua debug.log. Ilisema inaitwa amri ya `create_function()` na amri hiyo haipo.

Kumbe si WordPress. Ni PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo. Kampuni inayotuhifadhia tovuti ilikuwa imehamisha seva zake kutoka PHP 7.4, ambayo muda wake wa kuhudumiwa ulikwisha Novemba 2022, kwenda PHP 8. Na toleo la 8.0 liliondoa amri kadhaa za kale, hiyo ikiwa mojawapo. Walikuwa wameshaonya tangu 7.2. Kampuni ilituma taarifa? Ilituma. Kwa Muskati.

Ukurasa wa ile plagini ya matangazo ulisema imejaribiwa hadi toleo la karibuni kabisa la WordPress, na safari hii naamini mwandishi alijaribu kweli. Alijaribu kwenye kompyuta yake yenye PHP ya zamani. Sehemu ya kutaja PHP inayohitajika aliiacha tupu. Na hata angeijaza, sehemu hiyo hutaja kima cha chini tu, kwamba isipungue hapa. Hakuna pa kuandika kwamba isizidi hapa.

Bibi yangu alikuwa akipika kwa mafiga hadi uzeeni, na alikuwa na kawaida ya kuyatikisa yote matatu kabla ya kuteleka sufuria. Mimi nilikuwa natikisa figa moja, la WordPress. La pili ni PHP iliyo chini yake. La tatu ni yale mambo mengine yote yaliyomo ndani ya tovuti hiyo hiyo: mandhari, yaani lile vazi la sura ya tovuti, na plagini jirani. Hili la tatu ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna ukurasa wowote duniani utakaokuambia kwamba plagini ya fomu na plagini ya kuharakisha kurasa, kila moja nzima peke yake, zikikaa nyumba moja zinagombana. Hilo utalijua kwako tu.

Niseme pia upande wa pili, nisije nikaonekana mtu wa kuogopa kila kitu.

Nina mteja wa Muheza anayeuza machungwa kwa jumla. Tovuti yake ina plagini ndogo inayoweka kitufe cha simu chini ya ukurasa. Mtu akikigusa, simu inapiga. Siku moja niliona ukurasa wa plagini hiyo una lile onyo la kwamba haijajaribiwa na matoleo makubwa matatu ya karibuni, huenda haitunzwi tena. Nikiwa bado na jeraha la shule, nikaiondoa siku hiyo hiyo, nikaweka nyingine maarufu, yenye watumiaji wengi sana na nyota zimejaa. Ile mpya ilikuja na kitufe cha simu, na dirisha la gumzo, na ripoti, na matangazo ya kununua toleo la kulipia kila nikiingia kwenye dashibodi, na ikapakia mafaili matano kwenye kila ukurasa kwa ajili ya kitufe kimoja. Mzee wa machungwa akalalamika tovuti imekuwa nzito kwa bando lake. Alikuwa na haki.

Basi nikaifungua ile ya zamani nikaisoma. Mistari haikufika hamsini. Inaiomba WordPress iiite inapomaliza kuandika ukurasa, kisha inaandika kiungo kimoja, basi. Haitumii jQuery, haigusi hifadhidata zaidi ya kuhifadhi namba ya simu, haipokei chochote kutoka kwa mgeni. Inapita mlango ambao WordPress imeuacha wazi kwa plagini tangu zama na zama, na ambao wakiufunga nusu ya plagini za dunia zitakufa siku moja. Nikairudisha. Iko pale mpaka leo, na onyo lake juu.

Kwa hiyo umri peke yake si ugonjwa. Ninachouliza ni inashika nini. Ikishika kitu kimoja, tena kwa mkono wa juu, hata miaka mitatu bila kusasishwa sishtuki. Ikiwa inapokea mafaili ya watu, inashika malipo, inaingiza watu kwa nywila, hapo mwenye nayo akinyamaza mwaka mmoja mimi nahama, hata kama inafanya kazi vizuri. Kufanya kazi vizuri na kuwa na mtu nyumbani ni mambo mawili. Kitasa kinaweza kufunga vizuri huku funguo zake zimeshachongwa soko zima.

Siku hizi toleo kubwa likitoka siligusi wiki ya kwanza. Nangoja angalau kiraka cha kwanza, ile tarakimu ya tatu isogee, maana walio na haraka watakuwa wameshaumia na kusema. Katikati hapo naingia kwenye maswali ya watumiaji wa kila plagini kubwa niliyonayo. Nyota sizitazami kabisa, nyota nyingi ni za siku ya kwanza mtu alipofurahi. Natazama maswali ya wiki ile: je, watu watatu wanalia kilio kimoja? Je, kuna anayewajibu, au wanajibizana wenyewe? Natazama kumbukumbu ya mabadiliko kama ina vitu vyenye jina, kwamba tumerekebisha hiki kwa sababu ya PHP hii, au ni chokaa tu. Na nikiwa na mashaka nashusha folda zima kwenye kompyuta, natafuta ndani yake maneno machache ninayoyajua kwa ubaya: `create_function`, `.live(`, `mysql_query`. Hili la mwisho liliondolewa PHP 7.0 ilipotoka mwaka 2015, na bado nalikuta. Kazi ya dakika mbili, na haihitaji uwe mwandishi wa programu. Ukijua kutafuta neno kwenye maandishi umeweza.

Lakini yote hayo ni maneno ya nje, ni kusikiliza majirani kabla ya kuoa. Uamuzi wenyewe naufanya kwenye nakala. Kila tovuti ninayoitunza ina pacha wake kwenye kompyuta yangu, ndani ya XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva ndogo, na PHP niliyoilinganisha na ya seva. Kwanza nachukua nakala rudufu, kisha nasasisha pacha, plagini kwanza, WordPress baadaye, moja moja, si zote kwa mkupuo. Ukisasisha kumi kwa pamoja kikaharibika kitu, utajua lini lakini hutajua nani. Kisha sitazami ukurasa. Nauchezea. Naweka nafasi ya chumba kuanzia mwanzo hadi mwisho, naweka tarehe, natuma, nangoja barua ifike, nafungua barua. F12 iko wazi muda wote, natazama wekundu. Na wa njano pia nauandika, maana njano ya leo ni nyekundu ya toleo lijalo, `.live()` ilikuwa njano miaka mingi kabla haijanifikia.

Nina daftari la kaunta, kubwa, lenye jalada jeusi. Kijana wangu hunicheka kwamba mtu wa tovuti anaandika kwa kalamu. Kila ukurasa ni wa tovuti moja: toleo la WordPress, la PHP, majina ya plagini, tarehe mwenye nayo alipoonekana mara ya mwisho, na anwani ya msimamizi inakwenda kwa nani. Hiyo ya mwisho imeandikwa kwa wino mwekundu.

Bi mkubwa tulimhamishia plagini nyingine ya kuwekea nafasi, ya kulipia kidogo kwa mwaka, baada ya mimi kuijaribu kwenye pacha kwa wiki mbili. Alilipa bila kelele. Ila aliweka sharti: kila nikisasisha tovuti yenyewe, niweke nafasi ya jaribio palepale na yeye aione kwenye simu yake, kisha aifute. Nikakubali. Jina la mgeni huwa ni Jaribio, mtu mmoja, usiku mmoja.

Mwaka jana nilisasisha jioni, nikaweka nafasi ya Jaribio kwa kesho yake, barua ikafika, nikamtumia ujumbe kwamba tayari, nikalala. Nilisahau kwamba siku zile alikuwa harusini Korogwe na simu ya kazi amemwachia mpwa wake, binti mgeni wa kazi, asiyejua kisa cha kalenda wala cha Jaribio. Asubuhi ya tatu yake nikapigiwa na bi mkubwa mwenyewe, amesharudi, anacheka hadi anakohoa. Yule binti alikuwa ametandika chumba namba tano, ameweka taulo na sabuni mpya, amengoja hadi usiku wa manane, na asubuhi bila kukata tamaa ameandaa mbaazi za nazi, mahamri na chai ya tangawizi, vya Jaribio.

"Mahamri yamepoa," akasema, "lakini mbaazi nimezipasha. Njoo, mgeni ni wewe."

Nikaenda. Binti aliniletea sahani, akaniletea na kitabu cha wageni nitie saini.